Filta ya pembeni au kumwaga oili mapema?

Kwa lori la chumvi la Gongoni kwenda Mombasa, kumwaga oili ya injini mapema, kabla ya muda wake, hakuna ufundi: fungua nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), badilisha filta, jaza, ondoka. Ila pesa ya oili ukishaimwaga hairudi.

Filta ya pembeni (bypass), inayofungwa kando kuongezea ile ya kawaida, huvuta sehemu ndogo tu ya oili, kama asilimia 10, ikaichuja polepole hadi yale masizi laini ambayo filta ya kawaida huyaachia yapite, kisha ikairudisha kwenye sampu. Haiondoi dizeli iliyovujia humo, wala hairudishi dawa za oili zilizokwisha nguvu. Na ile mipira yake ya kupitisha oili! Mmoja ukisuguana na chesisi ukatoboka pale Mambrui, oili yote iko barabarani.

Injini kuukuu inayokula oili, mimi ningemwaga tu. Lori lenye injini nzuri la safari ndefu, ningelifungia filta ya pembeni, mipira ipite mbali na ekzosi.