Upasuaji wa goti kwa kamera kwa ajili ya vipande vya gegedu: tathmini ya mgonjwa

Huduma ninayoitathmini hapa ni upasuaji wa goti kwa kamera, niliofanyiwa katika hospitali moja ya binafsi jijini Dar es Salaam kwa ajili ya ugonjwa ambao madaktari huuita kondromatosi ya sinovia. Nilipokuwa nikitafuta ushauri kabla ya kukubali kupasuliwa, niliwakuta wagonjwa wengi wakisifu udogo wa kovu, kuruhusiwa kurudi nyumbani mapema na chupa ya vipande waliyokabidhiwa wakati wa kuondoka. Mambo hayo yanafurahisha, lakini hayaonyeshi kama kazi imefanyika sawasawa. Mwenye goti la namna hii anapaswa kujua kama daktari alifika hadi nyuma ya kiungo, aliushughulikiaje utando uliozalisha vipande hivyo, na kama alipeleka sampuli maabara. Kwa vigezo hivyo vitatu naipa huduma niliyopata alama za juu, ingawa yaliyofuata baada ya kutoka chumba cha upasuaji hayakulingana na ubora huo.

Kwa wasioufahamu ugonjwa wenyewe, viungo vikubwa kama goti, nyonga, bega, kiwiko na kifundo cha mguu vimezungukwa kwa ndani na utando mwembamba unaotoa ute wa kulainisha mwendo. Katika kondromatosi utando huo huanza kuotesha vinundu vya gegedu. Vinundu hukatika na kuelea ndani ya kiungo, ambako hulishwa na ule ute na kuendelea kukua, na vingi hatimaye hujaa chokaa au hugeuka mfupa. Vyangu vilikuwa vya ukubwa wa kuanzia choroko hadi harage, na si jambo la ajabu kukuta makumi yake ndani ya kiungo kimoja. Goti ndilo linaloshikwa mara nyingi zaidi, kwa kawaida la upande mmoja tu, na wanaume huugua takribani mara mbili ya wanawake, hasa kati ya umri wa miaka 30 na 50. Si saratani, na ni nadra kugeuka kuwa saratani. Madhara yake ni kwamba vipande husaga gegedu zima linalofunika ncha za mifupa, hulifanya goti livimbe na kukwama ghafla, na vikiachwa kwa miaka huliacha kiungo kikiwa kimechakaa kabla ya wakati wake.

Kabla ya kufika hospitali hiyo nilikuwa nimetibiwa kwingine kama mtu mwenye baridi yabisi, kwa vidonge vya maumivu na sindano ndani ya goti, kwa kuwa picha ya eksirei haikuonyesha kitu cha kutia wasiwasi. Eksirei huonyesha tu vipande vilivyokwisha kujaa chokaa, na vile ambavyo bado ni gegedu tupu havionekani kabisa. Daktari bingwa wa mifupa aliyenipokea safari hii aliliinua goti, akasikiliza maelezo yangu jinsi linavyokwama nikishuka ngazi, kisha akaagiza kipimo cha MRI bila kuchelewa. Kipimo kilionyesha vipande katika mfuko ulio juu ya pia ya goti, pembeni, na vingine vikiwa vimejificha nyuma ya kano mbili zinazopishana katikati ya kiungo. Naisifu hospitali kwa hatua hii kuliko nyingine yoyote, maana daktari asiyejua kilipo kila kipande kabla ya kuingia atatoa vile vinavyomjia mbele ya kamera na kuviacha vilivyojificha.

Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa marefu, na ningependa kila mgonjwa apate mfano wake. Daktari alinieleza kwamba tangu mwaka 1977, daktari aitwaye Milgram alipouchambua ugonjwa huu, madaktari huugawa katika hatua tatu. Kwanza utando unazalisha vinundu lakini hakuna kilichokatika. Kisha utando unaendelea kuzalisha huku vipande vikiwa tayari vinaelea. Na mwisho utando hutulia, vikabaki vipande peke yake. Hatua hizo ndizo zinazosaidia kuamua ukubwa wa upasuaji. Aliye katika hatua ya mwisho anaweza kutolewa vipande tu akapata nafuu ya kudumu, lakini utando ukiwa bado hai, kuna haja ya kuukwangua pia. Aliniambia, «Mwalimu, vipande nitakavyoviona nitavitoa, lakini nikiuacha utando unaozalisha, tutakutana tena hapa.»

Hakunificha kwamba wataalamu hawajakubaliana kuhusu jambo hili. Utafiti wa Ogilvie-Harris na Saleh wa mwaka 1994, uliolinganisha njia hizo mbili kwenye goti, uliona kwamba waliotolewa vipande pekee ndio waliorudiwa na ugonjwa, na waliokwanguliwa utando hawakurudiwa. Hata hivyo wagonjwa wake walikuwa wachache, na wapo madaktari wengine walioripoti kwamba hawakuona tofauti. Kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni wa nadra, hakuna hospitali inayopata wagonjwa wa kutosha kulimaliza suala hilo kwa utafiti mkubwa. Kukwangua utando nako kuna gharama yake, kwani goti hutoka damu zaidi ndani, huvimba kwa muda mrefu zaidi na linaweza kukakamaa. Tulikubaliana kwamba angeutazama utando kwa macho yake kwanza, kisha aondoe sehemu zenye vinundu tu na kuziacha zilizo safi. Uamuzi huo naona ulikuwa wa busara, na aliuandika kwenye fomu ya ridhaa kabla sijatia saini.

Upasuaji wenyewe ulifanyika kwa ganzi ya uti wa mgongo, na kwa ridhaa yangu waliigeuza skrini ili nione. Walinifunga pajani mkanda wa kuzuia damu, wakalijaza goti maji safi ya chumvi ili kiungo kitanuke na picha iwe wazi, kisha wakaingiza kamera yenye kipenyo cha milimita 4 kupitia tundu dogo kando ya kano iliyo chini ya pia ya goti, na vifaa vikapitishwa katika tundu la upande wa pili. Vipande vidogo vilitoka pamoja na maji kupitia bomba. Vikubwa vilishikwa kwa koleo kimoja kimoja, na kimoja kilihitaji tundu kupanuliwa kidogo ili kipite bila kuponyoka. Baada ya mfuko wa juu na pande zote mbili kusafishwa, daktari hakufunga. Alibadilisha lenzi ya nyuzi 30 akaweka ya nyuzi 70, inayoweza kutazama kwenye kona, akaipitisha katikati ya goti hadi nyuma, kisha akafungua tundu jingine upande wa nyuma kwa ndani ili vifaa vifike huko.

Hapo ndipo penye ugumu wa kazi hii, na ndipo ninapoona tofauti ya thamani kati ya daktari na daktari. Nyuma ya goti hupita mshipa mkuu wa damu wa mguu pamoja na neva, umbali mdogo sana kutoka ukuta wa kiungo, kwa hiyo daktari asiye na mazoea ya eneo hilo ana sababu ya kuliogopa. Wangu alifanya kazi taratibu, goti likiwa limekunjwa ili mishipa isogee mbali na vifaa, na alitoa huko vipande ambavyo kwa matundu ya mbele pekee visingefikiwa. Alikuwa amenionya mapema kwamba vipande vikiwa ndani ya uvimbe wa maji ulio nyuma ya goti, nje ya kiungo chenyewe, kamera haitatosha, na angelazimika kunichana kwa njia ya kawaida upande wa nyuma. Kwangu haikufika huko, lakini mgonjwa anayeambiwa kwamba kamera inamaliza kila kitu aulize swali hilo moja kwa moja.

Kwa viungo vingine ninasema machache, kwa kuwa sikuvipitia. Nyonga ina kina kirefu na hulazimu mguu kuvutwa kwa mashine ili nafasi ipatikane. Vipande vikiwa vingi, baadhi ya madaktari huona ni salama zaidi kuifungua. Kwenye bega, vipande vinavyoingia katika ala ya kano ya msuli wa mbele wa mkono huweza kuhitaji mkato mdogo wa ziada, na kiwiko kimezungukwa na neva kwa karibu mno. Sifa ninazoitolea kazi ya goti zisichukuliwe kuwa dhamana ya kazi ya nyonga, hata kama daktari ni yule yule.

Udhaifu wa huduma ulianza wodini. Muuguzi aliyenihudumia alikuwa mpole na makini, na dawa zilikuja kwa wakati, lakini niliruhusiwa na magongo pamoja na karatasi moja ya mazoezi ambayo hakuna aliyenifafanulia. Goti lililokwanguliwa utando linahitaji kuanza kukunjwa na kunyooshwa mapema, na msuli wa mbele wa paja, ambao hulegea haraka sana baada ya upasuaji, unahitaji kazi ya kila siku. Miadi ya fiziotherapia ilipangwa baadaye kuliko daktari mwenyewe alivyoagiza, kwa sababu idara mbili za jengo moja hazikuwasiliana, na kwa kipindi hicho goti langu lilikuwa limeanza kuwa gumu. Nilitafuta mtaalamu wa mazoezi karibu na nyumbani kwa fedha zangu, naye ndiye aliyenirudishia mwendo. Hospitali inayoweza kufanya kazi ngumu kiasi kile ndani ya kiungo haina udhuru wa kushindwa kupanga miadi, na hapa nimewapunguzia alama bila kusita.

Kuhusu malipo, makadirio niliyopewa yalihusu upasuaji na kulala wodini tu. Kipimo cha MRI, uchunguzi wa maabara na fiziotherapia vilihesabiwa kando, na bima yangu ilitaka kibali cha maandishi kwa baadhi yake. Yeyote anayekwenda aombe mchanganuo kamili kwa maandishi, na aulize waziwazi kama vifaa vya kutupwa baada ya kutumika, hasa ncha ya mashine ya kukwangua, vimo ndani ya bei iliyotajwa.

Sampuli za utando na vipande vilipelekwa maabara bila mimi kuuliza, na majibu yalithibitisha ugonjwa na kwamba hakuna dalili za saratani. Nilipewa nakala ya majibu hayo, pamoja na picha zilizopigwa wakati wa upasuaji zikionyesha sehemu ya nyuma kabla na baada ya kusafishwa, na vyote navihifadhi faili moja na filamu za MRI. Sasa naweza kuchuchumaa, jambo ambalo sikuliweza kwa muda mrefu, ingawa goti bado huvimba kidogo nikisimama darasani kutwa nzima. Daktari ameniagiza nirudi kliniki mapema iwapo litaanza tena kukwama au kujaa maji, na miadi ya kawaida ya uangalizi itaendelea hata likikaa kimya, kwa kuwa ugonjwa huu unaweza kurudi baada ya miaka.