Uzoefu wangu: kukodi boti Canal du Midi, Ufaransa (hesabu malango, siyo kilomita)

Kwa yeyote anayefikiria kwenda kutembea Canal du Midi kusini mwa Ufaransa kwa boti ya kukodi, zile ambazo unalala humohumo unapika humohumo, nimeona niandike hii maana picha za ule mfereji ziko kila mahali ila mtu wa kukuambia jinsi ya kupanga safari yenyewe humpati kirahisi.

Leseni huhitaji. Kampuni inakuelekeza namna ya kuendesha, unajaribu kidogo wakiwa pembeni yako, wanakupa karatasi ya ruhusa ya muda ule wa kukodi tu, basi wewe ni nahodha. Spidi inayoruhusiwa ni kilomita 8 kwa saa kwahiyo mtu anayefanya jogging kando ya mfereji anakupita na anakupungia mkono, na ndo raha yenyewe hiyo.

Sasa jambo kubwa. Mfereji wote una kilomita 240 kutoka Toulouse mpaka kwenye lile bwawa la chumvi la Thau karibu na bahari, na watu wengi wanachukua ramani wanagawanya kilomita kwa siku, wanaona mbona inawezekana. Haiwezekani hivyo. Kinachokula muda ni malango ya maji, yale ya kupandisha na kushusha boti, yako 60 na ushee, na kila moja unasubiri zamu, unaingia, mageti yanafungwa, maji yanajazwa au yanatolewa, unatoka. Halafu yana saa zake za kazi: yanafunguliwa asubuhi, mchana wahudumu wanakula yanafungwa kama lisaa hivi, jioni yanafungwa kabisa, na tarehe 1 Mei hayafanyi kazi. Ukifika umechelewa unalala hapohapo ulipo hata kama ni porini. Kutoka Castelnaudary kwenda Carcassonne ni kama kilomita 40 tu lakini malango yamefuatana, unamaliza moja unaliona lingine. Tofauti na kipande cha kutoka kijiji cha Argens mpaka Fonserannes pale Béziers, kilomita 54 hakuna lango hata moja! Kama una watoto wadogo au wazee, au hamko wengi wa kushika kamba, chukueni kipande hicho mtanishukuru.

Sisi tulianzia Trèbes, mji mdogo mbele kidogo ya Carcassonne, tukashuka kuelekea Béziers, yaani kwa mteremko, na naona ndo upande mzuri kwa mgeni. Lango la kushuka ni la utulivu, maji yanapungua chini yako taratibu wewe kazi yako kulegeza kamba tu. La kupanda ni habari nyingine, tuliwatazama waliokuwa wanakuja upande wetu: mmoja yuko juu ukutani anavuta kamba, maji yakifunguliwa yanaingia kwa nguvu yanachemka meupe mbele ya boti, pua ya boti inataka kwenda kushoto, wa juu anavuta, wa chini anapiga kelele, na kuta zenyewe hazijanyooka, zimetanuka katikati umbo la yai. Hizo kuta zina sababu. Pierre-Paul Riquet aliyeujenga mfereji alianza na kuta zilizonyooka, moja ikaporomoka kwa kusukumwa na udongo, ndo akaja na umbo hilo maana tao linahimili mzigo vizuri. Huyu bwana wala hakuwa injinia, alikuwa mkusanya kodi ya chumvi wa mfalme Louis XIV! Kazi ilianza 1666, akatia na pesa zake, akafariki 1680, na mfereji ukafunguliwa 1681. Miezi michache tu jamani, iliniuma kweli niliposoma.

Akili yake utaielewa zaidi ukifika Naurouze, kilele cha mfereji, mita 189 kutoka usawa wa bahari. Maji hayapandi mlima, kwahiyo alilazimika kuyatafuta juu zaidi kwenye milima ya Montagne Noire, akajenga bwawa la Saint-Ferréol, akayaleta kwa vijifereji mpaka pale kileleni, yakifika yanagawanyika, mengine yanaelekea Atlantiki mengine Mediterania. Huko sisi tulienda kwa baiskeli tukitokea Toulouse kabla ya kuchukua boti, njia ya kando ya mfereji upande huo ni lami safi kabisa.

Kuhusu miti. Ile mistari ya miti ya platani inayofunika maji kama paa la kijani, msitegemee kuikuta kila mahali. Kuna ugonjwa wa kuvu uligunduliwa pale 2006, mti ukishapata hauponi, na ilikuwepo miti kama 42,000, sehemu kubwa imeshakatwa na kuchomwa. Kuna maeneo unapita kwenye kivuli kizito hadi unataka kuvaa sweta, ukikata kona unakuta visiki na miche midogo iliyofungwa kwenye vijiti na jua linakuwakia kichwani. Kofia ni lazima. Na ni marufuku kufunga boti kwenye mti, kamba inaweza kubeba ugonjwa ikaupeleka kwa mwingine, kwahiyo hakikisha umepewa vigingi vya chuma na nyundo kabla hujaondoka.

Hapo ndo naingia kwa kampuni yenyewe, jina nitaliacha. Boti ilikuwa safi, jiko na friji viko sawa, injini haikusumbua hata mara moja. Ila tulikabidhiwa kwa kuchelewa, maelekezo yakaenda mbiombio kwa sababu kulikuwa na foleni ya wateja, vigingi vilikuwa viwili na kimoja kimepinda, na pampu ya kutoa maji bafuni ilikuwa inakataa mpaka uipige. Tuliwapigia, fundi akaja kesho yake. Baiskeli zao breki mbovu, na baiskeli kule ni muhimu maana mkate na mboga unafuata kijijini. Kwahiyo ukikabidhiwa boti usisaini mpaka umewasha kila kitu, hata wakikuharakisha.

Vya kuona njiani: lango la Aiguille, mhudumu amelizungushia masanamu ya vyuma na mbao. Le Somail, kijiji kidogo chenye daraja la tao la zamani na duka la vitabu vikuukuu, nililala hapo na ningeweza kukaa zaidi. Capestang kuna daraja la chini sana, kunja mwavuli inamisha kichwa. Halafu Malpas, handaki la mita 165 lililotobolewa kwenye kilima, simamisha boti, panda kwa miguu mpaka juu ya kilima hicho cha Ensérune, ukitazama chini unaona bonde la Montady, lilikuwa bwawa likakaushwa karne ya 13, na mashamba yake yamekatwa kama vipande vya pizza vyote vinakutana katikati.

Fonserannes ni ngazi ya malango iliyoungana, boti zinashuka mita 21 na nusu hivi, na kuna muda wa kushuka na muda wa kupanda, ratiba yake uliza kabla. Sisi boti tuliirudisha kabla ya hapo, tukaenda kutazama kwa miguu tukakaa nyasini muda mrefu.

Kurudi Toulouse tulipanda treni Béziers, inapitia Narbonne na Carcassonne. Usikodi boti ya kwenda na kurudi njia ileile, lipa nyongeza ya kuiacha upande mwingine, muda utakaookoa ni mkubwa. Dhamana walirudisha yote.