WordPress kwa tovuti ya shule: uzoefu wangu

Nafundisha kompyuta katika sekondari binafsi yenye bweni. Uongozi ulipotaka tovuti nilichagua WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ile ya bure unayoipakua na kuiweka kwenye seva ya kukodi. Naipa nyota nne kati ya tano, kwa upande wa mpangilio wa kurasa, menyu na maandishi tu. Habari za rangi na mapambo zimeshasemwa na wengine.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba menyu na kurasa ni vitu viwili tofauti. Ukurasa unaweza kuwepo bila kuonekana kwenye menyu, au ukakaa kwenye menyu mbili, ya juu na ya chini. Uwezo huu ulikuja na toleo la 3.0 mwaka 2010, na kwetu ndio uliomaliza ubishi, maana kila idara ilitaka jina lake liwe juu. Hakuna aliyenyimwa ukurasa, ila menyu ya juu ina vitu vitano: Kujiunga, Ada, Masomo, Kalenda, Mawasiliano. Dira na Dhima pamoja na Neno la Mkuu wa Shule vimekaa chini kabisa. Mkuu alinuna kidogo, akapoa.

Lakini hivyo vitano hatukuvipata kwenye WordPress, na hapo ndipo nyota moja inapodondoka. Programu inakupa ukurasa mtupu na kitufe cha kuchapisha. Haikuulizi nani atasoma wala anatafuta nini. Tulikata manila vipande vipande, kila kipande kikaandikwa jambo moja: sare, vifaa vya bweni, akaunti ya benki, likizo, matokeo. Kwenye kikao cha wazazi tukawaomba baadhi yao wavipange mafungu wanavyoona wao, kisha kila fungu walipe jina. Sisi walimu tungeweka sare kwenye Utawala. Wao waliiweka pamoja na ada, kwani yote ni pesa ya kutafutwa kabla ya Januari. Tukafuata yao.

Anayeanza ajue pia tofauti ya ukurasa na chapisho. Chapisho lina tarehe, na jipya likiingia la zamani linashuka. Tangazo la kufungua shule liwe chapisho. Ada iwe ukurasa mmoja unaohaririwa kila mwaka. Mkiandika ada kama chapisho, mzazi aliyetafuta kwenye Google anaweza kuangukia ya mwaka juzi, akaja na risiti pungufu, na ugomvi ukahamia kwa mhasibu. Anwani za kurasa nazo ziamuliwe mapema. Ukibadilisha anwani ya chapisho, WordPress huikumbuka ya zamani na kumpeleka msomaji panapostahili. Kwa kurasa haina utaratibu huo, na kiungo kikishasambaa WhatsApp hukirudishi.

Maelekezo ya kujiunga yalikuwa karatasi zilizopigwa skani, faili zito, herufi hazisomeki kwenye simu. Tuliyaandika upya kama maandishi ya kawaida yenye vichwa vidogo, na PDF tukaiacha kwa anayetaka kuchapa. Kihariri cha vipande, ambamo kila aya, picha au jedwali ni kipande chake, kilichoingia na toleo la 5.0, mwaka 2018, kinarahisisha kazi hii, hata jedwali la ada kwa muhula. Tahadhari moja: kwenye simu menyu mara nyingi hujificha nyuma ya vistari vitatu, na wapo wasiovigusa kabisa. Kwa hiyo viungo vya Ada na Kujiunga tumevirudia katikati ya ukurasa wa mwanzo, mahali ambapo themu yetu, yaani muundo wa sura ya tovuti, ilikuwa na picha kubwa zinazoteleza na kumaliza bando la watu.

Ukurasa wa ada anausimamia mhasibu mwenyewe. Ilibidi nimpe cheo cha mhariri ndani ya WordPress, kwa sababu mwenye cheo cha mwandishi anaruhusiwa kugusa machapisho yake tu, si kurasa. Mhariri lakini anaweza kugusa kila ukurasa, hata Neno la Mkuu. Mpaka sasa hajathubutu.