Klachi ya mafuta kwenye Mustang yangu: beringi safi, silinda ya hatari

Seti hii ya kubadilisha klachi ya waya iwe ya mafuta msiinunue. Au inunueni, lakini ile masta silinda (pampu ndogo inayosukumwa na pedali) inayokuja nayo msiifunge hivi hivi, maana kwa sehemu nyingine zote sina ugomvi na waliotengeneza.

Gari ni Mustang ya kile kizazi cha klachi ya waya. Walioziendesha wanajua: kuanzia 1979 hadi 2004 ilikuwa waya tu, na waya wenyewe unapita karibu na ekzosi. Ukishafunga presha pleti nzito (ile sahani inayobana klachi) ili ihimili injini iliyoongezewa nguvu, kukanyaga pedali kunakuwa kazi ya mguu mzima, na kile kipande cha plastiki chenye meno kule juu ya pedali hakidumu. Kwenye foleni goti linawaka moto. Porsche waliachana na waya kwenye 911 ya 1987, pale walipoleta giaboksi ya G50, na Mustang nayo ikahamia kwenye mafuta mwaka 2005. Kwa hiyo wazo lenyewe silipingi, hata leo.

Kuteremsha giaboksi, kupima nafasi kati ya beringi (ile inayosukumwa na mafuta ili kuachia klachi) na vidole vya presha pleti, kuweka shimu za kurekebisha nafasi hiyo, yote hayo yalikwenda vizuri. Beringi imetengenezwa na mtu anayejua kazi. Siku ya kwanza nilipokanyaga pedali nilicheka kwa furaha: laini, inarudi upesi, gia ya kwanza inaingia bila kukwaruza. Ningeandika siku ile mngesoma sifa tupu.

Haukupita muda pedali ikaanza kulegea. Halafu kuna siku nimesimama kwenye taa, gia imeingia, mguu umekanyaga hadi chini kabisa, gari likaanza kusogea lenyewe. Mbele yangu kulikuwa na mtu anavuka barabara. Nilibana breki kwa nguvu zote injini ikazimika. Yule mtu alinitazama tu akaendelea na safari yake, mimi mikono inatetemeka.

Nikajilaza chini ya dashibodi na tochi. Mafuta ya breki, ambayo ndiyo klachi hii inatumia, yalikuwa yamechuruzika kwenye ukuta unaotenga injini na ndani ya gari, yameloweka zulia, na rangi imevimba na kubambuka kama ngozi iliyoungua, bati liko wazi. Nikaisukuma pedali kwa mkono huku nikiiangalia kutoka ubavuni ile fimbo inayounganisha pedali na silinda. Inaingia kwenye silinda ikiwa imekaa mshazari! Sahani ya kufungia silinda imefuata mwinamo wa ukuta wa injini, haikufuata mstari wa pedali, kwa hiyo kila ukikanyaga pistoni inasukumwa kuelekea upande mmoja. Nilipoifungua, sili (mpira unaozuia mafuta yasivuje) ilikuwa imeliwa upande huo, upande wa pili ni mpya kabisa. Ndani ya silinda kuna mchirizi ambao ukipitisha ukucha unanasa.

Nikawapigia wenye seti. Aliyepokea hakuningoja nimalize.

"Kaka, hujatoa upepo vizuri."

Nikamwambia, ndugu yangu, upepo uliobaki ndani ya mafuta hauli sili upande mmoja. Akasema wateja wengi hushindwa hapo hapo, nikasome maelezo. Maelezo niliyasoma, tena yana ukurasa mzima wa kutoa upepo na hayana hata mstari mmoja kuhusu fimbo kukaa sawa na silinda. Nikatuma picha za sili, za mchirizi, za fimbo. Jibu likaja fupi: udhamini haugusi silinda iliyokwisha kufunguliwa. Sasa bila kuifungua ningekiona vipi kilichoharibika? Na yule aliyekuwa anavuka barabara ningemwambia asome maelezo?

Mwishowe fundi ninayemwamini alinichongea kipande cha alumini, upande mmoja mnene na upande wa pili mwembamba, kikakaa kati ya ukuta na sahani. Tukafunga silinda nyingine, fimbo ikanyooka, na tangu hapo sijaona tone. Pedali imerudi kuwa tamu kama siku ile ya kwanza, siwezi kurudi kwenye waya. Ndiyo maana nashindwa kusema seti nzima ni mbovu. Lakini kila nikikitazama kile kipande hasira inapanda upya, kwa sababu ni kitu kidogo mno, wangeweza kukitia ndani ya boksi na kila mtu akaendesha kwa amani.

Kama tayari mnayo, chungulieni ile fimbo leo kabla ya kuwasha gari. Wekeni pia kizuizi cha pedali, maana ikipitiliza mwendo wake beringi nayo itavuja, na kuifikia ile ni kuteremsha giaboksi tena.

Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya beringi. Nimesoma tena lile jibu lao la udhamini, nimepunguza hadi moja. Wakiibadilisha sahani na kuwaambia wote waliokwisha kuifunga, nitairudisha tatu.