Uzoefu wangu: bonde la mto Wye kwa baiskeli, na kijibarabara cha Whitebrook

Naishi Bristol, mji wa kusini-magharibi mwa Uingereza, mwaka wa sita sasa, na bonde la mto Wye nimeliendesha mara nne: Mei mara mbili, Septemba mara moja, na Januari moja ya kujitakia. Naandika kwa sababu kila anayeniuliza wapi huku kuna barabara tulivu ya baiskeli yenye miti na maji, anakuwa tayari ameshaambiwa na mtu, "Nenda Chepstow, fuata barabara ya mtoni hadi Monmouth." Ushauri huo ni nusu ya habari. Nami niliufuata mara ya kwanza, nikarudi na masikio yamejaa pikipiki.

Wye unashuka kutoka milima ya katikati ya Wales na kuishia Chepstow, unapoingia mto Severn. Kipande chake cha mwisho sehemu kubwa ndicho mpaka wa Wales na Uingereza, kwa hiyo siku moja unaweza kuvuka mpaka mara sita bila kugundua, isipokuwa kwa maandishi ya lami. Upande wa Wales imeandikwa ARAF, maana yake punguza mwendo. Bonde ni jembamba, kuta zake zimefunikwa na msitu wa mialoni na miti mingine mirefu hadi juu, na mto uko chini umejikunja kama nyoka aliyeshiba.

Kutoka Bristol siendi kwa gari. Napita Aust na kuvuka daraja la zamani la Severn, lile lililofunguliwa mwaka 1966, ambalo pembeni lina njia ya watembea kwa miguu na baiskeli. Hadi Chepstow ni karibu kilomita 30. Upepo wa darajani si wa mchezo. Siku ya kwanza ulinisukuma hadi nikashuka nikakokota, nikijifanya napiga picha.

Chepstow kuna daraja la chuma la mwaka 1816, na hapo nawaomba msimame hata kama mna haraka. Mimi nimekulia Muheza, likizo naenda kwa shangazi Tanga mjini, kwa hiyo maji kupwa na kujaa si mageni kwangu. Lakini bamvua ya kwetu ni mita tatu na ushee, wakati hapa maji hupanda na kushuka kwa takriban mita 14. Ukipita asubuhi unakuta korongo la tope linalong'aa na kijito katikati. Ukirudi jioni ni mto mpana umefika karibu na ukingo. Maji hayo ya kujaa na kupwa hupanda bondeni hadi daraja la Bigsweir, mbali kabisa na bahari. Nyasi za ukingoni huwa na rangi ya majivu, na asiyejua atadhani ni ukame.

Sasa barabara yenyewe. Ile kuu ni A466. Kwa lami na mandhari sina la kusema: unapanda kutoka St Arvans, kisha unateremka ndani ya kivuli hadi Tintern, ambako magofu ya abasia yanakutokea ghafla kwenye kona, kuta nzima nzima bila paa. Watawa walianza kuishi hapo mwaka 1131 na wakatolewa mwaka 1536. Ukifika saa moja na nusu asubuhi, kabla lango la kulipia halijafunguliwa, unayaona barabarani bure, na hamna mtu. Ukifika saa tano Jumapili ya jua, utakuwa kwenye foleni ya magari nyuma ya kundi la pikipiki kubwa. Vijijini mwendo ni wa polepole, kwani Wales tangu Septemba 2023 barabara nyingi zenye makazi kikomo chake ni maili 20 kwa saa. Nje ya vijiji, kona zinafunga na dereva akikupita anakupita kwa imani. Kwa hiyo A466 naipa alama nzuri kabla ya saa tatu asubuhi, na baada ya hapo simshauri mtu.

Wengi watakuambia basi tumia njia ya reli ya zamani, Wye Valley Greenway, iliyofunguliwa mwaka 2021. Ni kama kilomita 8 kati ya Sedbury na Tintern, upande wa Uingereza, mahali ilipopita reli ya mwaka 1876. Hakuna gari hata moja. Nilipoipita niliwaza kwetu, maana njia ya Muheza kwenda Amani, pale Zigi, nako kulikuwa na reli ya Wajerumani iliyomezwa na msitu, na nyumba ya stesheni bado ipo. Reli zinakufa, miti inarudi.

Ndani ya njia hiyo kuna handaki la Tidenham, refu kuliko kilomita moja. Linakatisha mlima, lina taa hafifu za chini tu, na ubaridi wake unaingia hadi kwenye vidole hata kama nje ni joto. Taa hafifu ni kwa ajili ya popo. Na hapa ndipo ile Januari yangu ya kujitakia: handaki hufungwa tangu Oktoba hadi mwisho wa Machi, popo wamelala usingizi wao wa baridi. Nilikuwa sijasoma. Nilifika nimeloa, nikakuta geti, nikageuza. Kosa ni langu na popo hawana hatia. Jambo jingine ni kwamba sehemu kubwa ya njia ni mawe yaliyoshindiliwa, si lami. Mwenye tairi nyembamba atapita, ila meno yatagongana. Kwa familia yenye watoto ni pazuri sana, lakini kwa aliyekuja kuendesha barabarani inaisha kabla damu haijachemka.

Kijibarabara kilichonifanya niandike haya kinaanzia daraja la Bigsweir, baada ya kijiji cha Llandogo. Ni daraja la chuma la miaka ya 1820, jembamba, magari yanapita kwa zamu kwa taa za barabarani. A466 inavuka hapo kwenda upande wa Uingereza, na magari yote yanaifuata. Wewe usivuke. Baki upande wa Wales, shika kijibarabara cha kushoto kinachofuata maji kwenda Whitebrook. Ni lami, upana wa gari moja, katikati kuna mstari wa majani. Kelele zinakatika kama mtu amefunga mlango. Mwezi Mei, kando yote imejaa vitunguu saumu vya mwituni, harufu yake inakufuata kilomita nzima, na mimi huwa nasikia njaa ya pilau. Ndani zaidi, chini ya miti, ardhi ni maua ya buluu matupu. Katika safari zangu tatu kwenye kipande hiki nimekutana na magari manne, na mawili yalirudi nyuma yenyewe kunipisha.

Whitebrook kwenyewe ni nyumba chache kandokando ya kijito, mahali ambapo zamani palikuwa na viwanda vya karatasi vilivyoendeshwa kwa nguvu ya maji. Kuanzia hapo bonde linabana na barabara inaanza kupanda, na inapanda kweli, karibu mita 200 hadi kufika Trellech. Kuna sehemu mbili ambazo gia yangu nyepesi kuliko zote ilikwisha na bado nikaitafuta nyingine. Utulivu wa huku unalipiwa kwa mapaja.

Septemba nilikwenda na wifi yangu, aliyekuja kunitembelea kutoka mji wa Reading. Yeye si mtu wa milima, kwa hiyo tulimkodia baiskeli ya umeme kwenye duka moja ambalo silitaji, kwani huenda walikuwa na siku mbaya. Tuliahidiwa betri iliyojaa, pampu na tyubu ya akiba. Betri ilikuwa nusu na kimfuko cha chini ya kiti kilikuwa na pampu peke yake. Tuligundua hayo Whitebrook, mlimani, tairi la nyuma lilipoanza kulia fyuu.

"Wifi," akasema, "hii ni barabara au umenileta njia ya mbuzi?"

Mwiba ulikuwa bado umo. Huku wakulima wana fensi za michongoma ya kwao kandokando ya barabara, na Septemba ndipo wanapoanza kuzipunguza kwa mashine baada ya ndege kumaliza kutaga, kwa hiyo vipande vya miiba vinabaki barabarani. Simu ya dharura ya duka haikusaidia, kwa sababu mle bondeni mtandao haukuwepo kabisa. Na tairi la nyuma la baiskeli ile lina mota katikati, kulifungua kunahitaji spana ambayo hatukuwa nayo.

Nikakumbuka mafundi wa stendi ya Muheza. Hawafungui gurudumu kwa pancha moja. Unabandua upande mmoja wa tairi pale pale penye mwiba, unavuta kipande cha tyubu nje kama utumbo wa kuku, unasugua, unapaka solusheni, unabandika kiraka, unarudisha. Niliifanya kwa dakika ishirini, wifi ameshika baiskeli huku akinisimulia habari za watu wa Reading ambao siwajui. Kiraka kilifika nyumbani salama. Duka walirudisha sehemu ya pesa bila ubishi, hilo niwape.

Trellech, ukishafika, ni uwanda wa juu wenye upepo na mawe matatu marefu yaliyosimamishwa na watu wa kale, maelfu ya miaka iliyopita, kila moja limeinama upande wake. Tulikula chapati zetu hapo tukiyatazama. Kutoka hapo ni kushuka kupitia Catbrook hadi Tintern, na hapa naomba muwe makini: barabara ni nyembamba, chini ya miti huwa na majani na unyevu hata siku ya jua, na kona hazionyeshi kinachokuja. Kagua raba za breki kabla ya kuondoka nyumbani. Chai ya kumalizia ipo stesheni ya zamani ya Tintern, ambayo siku hizi ni mgahawa na bustani.

Mto wenyewe kwa macho ni mzuri, ila kiangazi msishangae mkiuona wa kijani kibichi. Mbolea ya kuku kutoka mashamba ya huko juu imekuwa kelele kubwa kwa miaka kadhaa. Mimi siogi humo.

Kwa jumla: mzunguko wa Chepstow, Tintern, Bigsweir, Whitebrook, Trellech, Catbrook na kurudi naupa nne na nusu kwa tano, nusu nimeikata kwa ajili ya ule mlima. Barabara ya mtoni pekee, siku ya kazi asubuhi, nne. Wikendi mchana, mbili. Njia ya reli, nne kwa watoto, tatu kwa mwenye tairi nyembamba. Beba tyubu mbili, viraka, taa ya mbele kwa ajili ya handaki, na koti hata Julai. Mkichoka, Chepstow kuna stesheni ya treni, lakini nafasi za baiskeli ndani ni chache, kwa hiyo wawili wakitangulia kabla yenu mtasubiri inayofuata, kama sisi tulivyosubiri, wifi amelala kwenye benchi na kofia yake ngumu kichwani.