Uzoefu wangu: Kuongezewa mkopo baada ya benki kuithamini upya nyumba ya kupangisha

Nyumba yangu ya Iyumbu, Dodoma, yenye apatimenti nne za kupangisha, niliijenga kwa mkopo wa benki, na ilipopata wapangaji wote niliomba benki hiyohiyo iithamini upya na kuniongezea fedha kwa dhamana ileile. Ninaandika kwa ajili ya wenye nyumba mpya wanaofikiria hatua hiyo, kwa sababu matangazo huishia kwenye bei ya soko, ilhali mkopo hautolewi kwa bei hiyo.

Benki haikupokea taarifa ya mthamini niliyemtafuta mwenyewe. Ilinipa orodha ya makampuni inayoyatambua, nikalipia kazi, na taarifa ikaandikwa kwa jina la benki. Mthamini hakujishughulisha na risiti zangu za saruji na nondo. Alitazama hati, kibali cha ujenzi, ubora wa umaliziaji, mikataba ya wapangaji na bei za nyumba zilizouzwa jirani, ambazo kwa eneo jipya kama letu bado ni chache. Kwa hiyo uzio, maji na njia ya gari viwe vimekamilika kabla hajafika, maana hathamini ahadi. Taarifa hiyo ilihitaji pia kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na hapo ndipo subira ilipohitajika kuliko mahali pengine popote.

Bei ya soko ilikuwa Sh milioni 240, nami nikafurahi mapema. Hata hivyo, benki ilishika thamani ya mauzo ya haraka, yaani fedha inayotarajiwa nyumba ikilazimika kuuzwa upesi, ambayo ilikuwa milioni 168. Ikachukua asilimia 70 ya hiyo, sawa na milioni 117.6, kisha ikatoa deni la zamani la milioni 62, nikabakiwa na nafasi ya kukopa milioni 55.6. Kupunguza mara mbili kwa tahadhari ileile naona ni ukali uliopitiliza, ingawa afisa mikopo alinieleza hesabu hiyo waziwazi kabla sijasaini chochote, na kwa hilo ninampa alama zote.

Sikuchukua nafasi yote. Kodi ya pango ninayokusanya ni Sh milioni 1.4 kwa mwezi, na ikitolewa kodi ya zuio, yaani kodi ya serikali inayokatwa kwenye malipo ya pango, ya asilimia 10, inabaki milioni 1.26. Deni lote la milioni 117.6, kwa riba ya asilimia 15 na muda wa miaka 15, lingedai marejesho ya takriban milioni 1.65 kila mwezi, na pengo hilo lingejazwa na mshahara wangu. Nilichukua milioni 25 tu kwa ajili ya kununua kiwanja kilichopimwa. Deni likawa milioni 87 na marejesho takriban milioni 1.22. Hata hapo, apatimenti moja ikikaa wazi mwezi mzima, tofauti hiyo ndogo inayeyuka.

Ridhaa ya maandishi ya mwenzi wa ndoa ilitakiwa kabla rehani ya nyongeza haijasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ada ya mkopo na bima ya jengo zilikatwa kwenye fedha zenyewe, hivyo anayehitaji kiasi kamili cha kumlipa muuzaji wa kiwanja aombe zaidi kidogo tangu mwanzo.