Mashine ya kufyonza ya kusafishia bwawa: miezi minane chini ya mivinje ya Diani

Nasimamia nyumba ndogo ya wageni Diani. Bwawa letu lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 5, kina kinaanzia mita 1.2 hadi 2, kama lita 80,000 hivi, na juu yake kuna mivinje mitatu. Mwenye kuujua mvinje anajua shida yake. Kusi ikivuma, yale majani membamba kama sindano humwagika usiku kucha, na asubuhi unakuta sakafu ya bwawa imetandikwa mkeka. Kijana wetu alikuwa anapiga brashi saa mbili nzima kila siku kabla wageni hawajaamka. Nikaona nimnunulie mashine.

Nilichagua ya kufyonza. Aina hii haina mota wala waya wa umeme. Unaiunganisha kwa mpira wa maji hadi kwenye skima, lile tundu la ukutani linalovuta maji ya juu kuelekea kwenye pampu, na pampu ile ile inayozungusha maji ndiyo inayoitembeza. Mashine maarufu ya aina hii, Kreepy Krauly, ilitengenezwa Afrika Kusini mwaka 1974 na Ferdinand Chauvier, mhandisi aliyehamia huko kutoka Kongo. Yangu si hiyo, ila inategemea pampu vivyo hivyo. Ndani ina dayaframu, kipande cha mpira laini kinachofunga na kufunguka haraka haraka, na mtikiso huo ndio unaoisogeza. Ikiwa nzima, ukiushika mpira wake unausikia ukidundadunda kiganjani.

Wiki sita za kwanza nilifurahi kweli. Naamka, sakafu nyeupe. Halafu ikaanza kusimama. Inatembea mita mbili, inalala. Nikampigia muuzaji, akaniambia dayaframu imekwisha, nikanunua mpya. Ikatembea nusu siku, ikalala tena. Hapo nilikuwa tayari kuirudisha na kudai pesa zangu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wa mabwawa wa hapa hapa. Alipofika hakuigusa mashine. Alikwenda kuchuchumaa mbele ya tundu la ukutani ambako maji yaliyochujwa hurudi bwawani, akaniita, "Njoo uone, mwanangu." Viputo vidogo vilikuwa vinatoka mfululizo. "Mashine yako haina neno. Pampu ndiyo inakunywa hewa."

Akaniomba povu la kunyolea. Akalipaka kuzunguka kifuniko cha pampu, pampu ikiwa inafanya kazi, tukasubiri. Povu lote lilitulia isipokuwa sehemu moja, ambapo lilinywea ndani likaacha kishimo cha ukubwa wa ukucha. Hapo ndipo hewa ilipokuwa inapita. Oringi ya kifuniko, ile pete ya mpira inayokiziba kisipitishe hewa, ilikuwa imekauka kwa jua na kupasuka. Tukaweka mpya na kuipaka girisi ya silikoni. Ya magari usiitumie, inaweza kuuharibu mpira wa oringi. Oringi hiyo haikufika hata moja ya kumi ya bei ya dayaframu niliyoinunua bure.

Mashine ikarudi kutembea, lakini bado kwa unyonge. Tukauzamisha mpira wote majini, kipande kwa kipande, tukakuta ufa kwenye kipande cha pili kutoka skima, kile kinachoelea juu na kupigwa na jua siku nzima. Kukibadilisha ilikuwa kazi ya dakika moja.

Yapo mengine niliyojifunza siku ile, na natamani muuzaji angeniambia mapema. Mpira usiuviringishe stoo kama kamba. Unashika umbo hilo, na mashine inabaki kuzunguka pale pale kona moja. Ulaze umenyooka. Urefu wake upime kutoka skima hadi kona ya mbali kabisa, kisha uongeze kipande kimoja. Kwetu ni vipande 12 vya mita moja moja. Matundu ya kurudishia maji yaelekeze chini, maana mkondo wake ukiusukuma mpira, kuna upande wa bwawa ambao mashine haitaufikia kamwe. Na geji ya filta, ile inayoonyesha shinikizo la maji kwa psi, iangalie kila siku: ikipanda psi 8 hadi 10 juu ya ilipokuwa filta ikiwa safi, osha mchanga ulio ndani ya filta kwa kuyarudisha maji kinyume. Filta ikiziba, ufyonzaji hufa, na lawama zote zinaiendea mashine.

Majani ya mvinje nayo yalitaka dawa yake, kwa sababu yanajipanga kama kuni kwenye koo la mashine. Nilinunua kopo la kunasia majani, linalokaa katikati ya mpira karibu na skima. Kijana analimwaga asubuhi na jioni. Tangu hapo koo halijaziba.

Niliwahi kuazima roboti ya jirani kwa wiki mbili, nikitaka kujua kama nilikosea kuchagua. Roboti ina mota yake na mfuko wake wa uchafu, hivyo haijali pampu yako ikiwa dhaifu wala haiibebeshi filta yako mzigo. Vumbi laini iliokota vizuri kuliko yangu, na ilipanda ukuta hadi usawa wa maji, kitu ambacho yangu hukifanya mara chache. Lakini mfuko ulijaa majani kabla haijamaliza mzunguko mmoja, na sindano zile zilijisokota kwenye mhimili wa brashi hadi tukazichomoa kwa koleo. Bei yake pia ni karibu mara tatu. Ningekuwa na bwawa la uani lisilo na miti, au pampu ndogo, ningenunua roboti bila kusita. Kwangu mimi, mwenye pampu nzuri na mivinje mitatu, ya kufyonza ndiyo inayofaa, na naipa nyota nne kati ya tano.

Nyota moja nimeizuia kwa sababu ya ngazi. Mashine haizipandi, hata ukirekebisha ufyonzaji vipi, na tunaendelea kuzipiga brashi kwa mkono. Pia lazima itolewe majini wageni wakitaka kuogelea, na siku ya kuweka klorini nyingi, la sivyo dayaframu inakakamaa mapema. Oringi mbili za akiba sasa ziko kwenye rafu ya chumba cha pampu, pamoja na kopo la povu la kunyolea.